Jane Austen na vikombe vya mama

Juzi umeme ulikatika Mwanjelwa, hapa Mbeya, kuanzia saa nne asubuhi, na mimi nina steshenari, bila umeme hakuna fotokopi hakuna kuprinti hakuna laminesheni, unabaki kuuza kalamu na bahasha za kaki. Nikakaa kwenye stuli mlangoni nikafungua kitabu kwenye simu, kitabu ambacho nimeshakisoma mara tatu, nikarudia sura ya pili. Saa nane mchana nikafunga duka nikaenda kupanda Haisi ya Tukuyu. Ngoja nieleze vizuri, maana kuna watu wananiuliza kila siku hivi huyo mwanamke wa Kizungu wa miaka mia mbili iliyopita anakupa nini hasa.

Mwanamke mwenyewe ni Jane Austen na kitabu ni Sense and Sensibility, kilitoka 1811, na kiko bure intaneti kwa sababu hakimiliki yake iliisha zamani sana, ni bando lako tu. Nilianza kumsoma kwa sababu shuleni nilichukua HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na sikutaka Kiingereza kinipotee, nikadhani ni stori za mapenzi na magauni marefu na watu kucheza dansi. Mapenzi yapo, tena mazuri. Lakini ukikaa naye unagundua huyu dada anaandika kuhusu mirathi. Baba akifa nani anabaki na nyumba, na wanawake waliokuwa ndani ya ile nyumba wanaenda wapi. Karibu kila mtu akiingia kwenye stori unaambiwa ana pauni ngapi kwa mwaka, huyu ataachiwa ngapi, yule hana kitu, na mapenzi yanapita humo humo katikati ya hesabu, kama kwetu tu.

Sasa hiyo sura ya pili. Mzee Dashwood amekufa. Nyumba na shamba kubwa la Norland hakuwa na mamlaka ya kuvigawa, kwa sababu mjomba mzee aliyekuwa navyo mwanzo aliandika wosia kwamba mali ipite kwake tu, alafu iende kwa mwanae wa kiume wa mke wa kwanza, John, na kwa mtoto wa huyo John, katoto ka miaka minne ambako kalimteka yule mjomba kwa kubwabwaja maneno na kupiga kelele. Mabinti watatu wa mke wa pili, ambao familia yao ndo iliishi na huyo mjomba na kumtunza, wakaachiwa pauni elfu moja moja. Baba kabla hajafa anamwita John, anamwomba amwangalie mama yake wa kambo na dada zake. John anaahidi. Na anaahidi kwa moyo kabisa, hilo ndo la kushika, kichwani ameshapanga kuwapa pauni 3,000, elfu kila dada, na anajisikia mtu mwema.

Alafu mke wake, Fanny, anaanza kuongea. Hapigi kelele hata kidogo. Anauliza tu, hivi kweli utamnyang'anya mtoto wetu wa pekee hela zote hizo, kwa ajili ya watu ambao ni nusu ndugu tu? John anafikiri, anashusha, basi mia tano kila mmoja. Fanny anasema lakini mama yao akifa watapata kila mmoja zaidi ya elfu tatu, si zinawatosha hizo? John anasema kweli, basi labda nimpe mama yao mia moja kila mwaka maisha yake yote. Fanny anasema aa, ukimwahidi mtu hela ya kila mwaka hafi huyo, na huyu mama bado ana nguvu, hajafika hata arobaini. John anasema basi tusijifunge, nitakuwa nawapa hamsini mara mojamoja. Fanny anasema mimi hata siamini baba yako alimaanisha hela, alimaanisha uwatafutie kanyumba kadogo, uwasaidie kuhamisha vitu, uwapelekee samaki na nyama za kuwinda msimu ukifika. Wanawake wanne watahitaji nini kingine, hawatakuwa na gari la farasi, hawatapokea wageni, hawana matumizi. Mwishoni anafika mahali anasema wale ndo watakuwa na uwezo wa kukupa wewe. Alafu anakumbuka vyombo. Ile seti ya vyombo vya kifungua kinywa ambayo mama mjane ataondoka nayo, nzuri mara mbili kuliko vinavyobaki kwenye nyumba hii.

Kutoka pauni elfu tatu mpaka samaki, kwa sura moja, na hakuna mahali mwandishi amekwambia hawa ni watu wabaya. Amewaacha waongee wenyewe.

Mara ya kwanza nilipoisoma niliweka simu chini nikatoka nje, kwa sababu hiki kikao nilikikaa mimi.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Tulikuwa wasichana watatu, hatuna kaka. Matanga yalipoisha watu wazima wakakaa sebuleni kwetu, mvua ya Tukuyu inapiga bati mpaka mtu akiongea lazima apaze sauti, na mimi nilikuwa natoa vikombe vya chai na kurudisha jikoni kwahiyo nilisikia vipande vipande. Nilipoingia mara ya kwanza baba mdogo alikuwa anasema hawa watoto ni damu yangu, ada yao mpaka chuo ni juu yangu, na alikuwa analia, na mpaka leo naamini yale machozi yalikuwa ya kweli. Nilipoingia mara ya pili ilikuwa ni ada ya mkubwa kwanza, wengine tutaangalia. Mara ya tatu sauti ya mke wake ndo ilikuwa inasikika, taratibu, anasema hata sisi tuna watoto, mkikwama mtasema, hatuwezi kuwaacha. Wanafunga kikao tulikuwa tumeahidiwa gunia la viazi kila mavuno. Shamba la chai lilibaki kwa baba mdogo kwa maelezo kwamba mtoto wa kike ataolewa, utampaje shamba akalipeleke kwa watu. Yani saivi tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inasema wazi mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi haina nguvu, na hiyo sheria ilikuwepo tayari siku ile. Lakini pale sebuleni nani angeitaja, mama? Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka amejifunika kanga.

Alafu mtu akaangalia kabati. Mama alikuwa na vikombe sita vyeupe, vina maua madogo ya waridi na mstari wa dhahabu ukingoni, alivipata siku ya harusi yake. Mke wa baba mdogo akasema na hivi vikombe si alinunua kaka? Asubuhi yake kabati lilikuwa tupu.

Nitarudi kwenye vikombe.

Swali nililojiuliza ni huyu Austen alijuaje. Alizaliwa 16 Desemba 1775 kijiji cha Steventon, Hampshire, baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana, watoto wanane, wasichana wawili tu, yeye na Cassandra. Mwaka 1801 baba alistaafu kazi ya parokia, wakahamia mji wa Bath, na nyumba ya Steventon akaingia kaka mkubwa, James, na mkewe. Vitabu vya baba vikauzwa. Kinanda cha Jane kikauzwa. Alikuwa na miaka 25 na hakuna aliyemuuliza kitu. Januari 1805 baba akafa, na mama na mabinti wawili wakawa wanaishi kwa michango ya kaka zao, wanahama hapa wanahama pale, mpaka 1809 kaka yao Edward, ambaye alilelewa na ndugu matajiri akarithi mali zao, alipowapa nyumba pale Chawton. Ona hapo, tangu baba afe mpaka wapate pa kutulia ni miaka minne. Na akishatulia tu vitabu vinatoka kama maji, 1811, 1813, 1814, mwisho wa 1815. Kisha akaugua, akafa 18 Julai 1817 ana miaka 41, viwili vya mwisho vikatoka kaburini yuko tayari. Kwahiyo anapoandika kuhusu mwanamke kupoteza nyumba, halikuwa jambo la kusimuliwa.

Tena alikuwa na njia ya kutokea. Desemba 1802 kijana mwenye mali, Harris Bigg-Wither, alimposa, Jane akakubali jioni, kesho yake asubuhi akakataa. Huwa nautafakari sana huo usiku. Angekubali angekuwa na nyumba yake na mama yake angekuwa na pa kuzeekea. Na sisi pengine tusingekuwa na hata kitabu kimoja.

Tukirudi kwenye ufundi, kuna jambo analifanya ambalo nikilieleza kwa Kiswahili linaeleweka haraka kuliko walivyotueleza darasani. Anaingia kichwani kwa mtu bila kupiga hodi. Haandiki "alifikiri kwamba" wala "alijisemea moyoni", anasimulia tu, lakini maneno ni ya yule mtu. Kwa mfano mimi ningeandika hivi: Baba mdogo alikuwa na huruma sana na watoto wa kaka yake. Angewasaidia, tena kwa moyo wote, na nani angeweza kusema hakusaidia, mradi tu shamba la chai lisiguswe, kwa sababu chai ni kazi ya mwanaume na watoto wenyewe walikuwa hata hawajui kuchuma. Nani anaongea hapo? Mimi ndo nasimulia, lakini sauti ni yake, na wewe msomaji unamsikia anavyojidanganya na wakati huohuo unamuelewa. Hiyo ndo kazi ya Austen toka mwanzo hadi mwisho, na ndo maana watu wake hawazeeki, kwa sababu jinsi mtu anavyojidanganya hakujabadilika tangu enzi za farasi.

Pride and Prejudice, cha 1813, ndo watu wanakijua zaidi, sitakaa nacho sana. Naomba tu nimtetee mama Bennet. Kila mtu anamcheka, anaropoka, anatafutia mabinti waume kama mtu anayeuza nyanya jioni. Lakini ana mabinti watano, na mumewe akifa nyumba inaenda kwa Collins, ndugu wa kiume wa mbali, kwa sababu imefungwa kwa wanaume. Mumewe amejifungia maktaba anasoma na kutania watu. Katika ile nyumba nani alikuwa anaifikiria kesho? Na Charlotte, rafiki wa Elizabeth binti wa pili wa mama Bennet, ana miaka 27, anakubali kuolewa na huyo huyo Collins ambaye Elizabeth amemkataa. Wengi wanamlaumu. Mimi nasema angalieni anavyoishi baada ya hapo, amechagua chumba cha nyuma kisicho na mandhari ndo awe anakaa na wageni wake, na Elizabeth anashangaa kwanini, mpaka anaelewa kwamba chumba cha mbele Collins angekuwa anaingia kila saa. Na anamtia moyo mumewe alime bustani, anasema ni nzuri kwa afya. Mistari michache tu na ndoa nzima iko pale, mwanamke aliyeipata nyumba aliyoitaka na anavyopanga kuishi ndani yake.

Mansfield Park kinanisumbua bado. Mhusika mkuu, Fanny Price, ambaye si yule Fanny wa John, namuonea huruma lakini sijawahi kumzoea. Ila kuna mahali lazima niseme. Mwenye nyumba, Sir Thomas, ana mashamba Antigua, na Fanny anasimulia kwamba alimuuliza kuhusu biashara ya watumwa na sebule nzima ikawa kimya. Basi, hapo hapo, Austen anapita. Mimi nikiwa Mwafrika nilisimama kwenye huo mstari muda mrefu. Amefungua dirisha akalifunga, na nilitaka aliache wazi. Lakini ule ukimya wa sebuleni ameupiga sawasawa, nilishausikia.

Sasa Emma. Hiki ndo kilinipeleka Tukuyu, kama ile sura ya pili ilikuwa kiberiti basi hiki ndo kuni.

Emma ni binti tajiri, mzuri, ana akili, kila kitu anacho. Na kuna mwanamke anaitwa Miss Bates, hajaolewa, anaishi na mama yake mzee kwenye vyumba vya kupanga ghorofani, baba yake alikuwa mchungaji wa hapo akafa. Miss Bates anaongea. Anaongea mpaka unachoka, Austen anaandika kurasa nzima za maongezi yake, miwani ya mama, matofaa waliyoletewa, barua ya mpwa wake, mara hiki mara kile, na mara ya kwanza niliziruka. Nilikosea sana. Ukirudia unakuta siri karibu zote za kitabu zimefichwa mle mle kwenye maneno yake, alikuwa anaziona na kuzisema, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza, Emma hakumsikiliza na mimi msomaji sikumsikiliza.

Siku moja wanaenda matembezi mlima wa Box Hill. Kunawekwa mchezo, kila mtu aseme kitu kimoja cha akili sana, au viwili vya kawaida, au vitatu vya kipuuzi. Miss Bates anacheka anasema basi mimi nitasema vitatu vya kipuuzi, nikifungua mdomo tu tayari. Na Emma anamwambia, tatizo mama utawekewa kikomo, ni vitatu tu kwa wakati mmoja. Miss Bates haelewi haraka. Alafu anaelewa. Anaona haya kidogo, anasema ndiyo, nimeelewa, nitajitahidi kunyamaza. Baadaye Knightley, jirani na rafiki wa familia, anamfuata Emma kwenye gari anamwambia ulichofanya ni kibaya, yule mama ni maskini, amezaliwa kwenye raha na ameshuka, na akizeeka atashuka zaidi.

Binti wa mchungaji, hajaolewa, anaishi na mama yake mzee kwa msaada wa watu. Austen alipoandika hiyo alikuwa anakaribia miaka arobaini, na huyo ndo alikuwa yeye mwenyewe, kasoro kalamu.

Nina shangazi, dada yake baba. Aliolewa akarudi, hakupata mtoto, akawa anakaa chumba cha uani kwetu, na baada ya baba kufariki akabaki kwenye ile nyumba kwa hisani ya kaka yake mdogo. Shangazi anaongea. Akipiga simu ujue ni nusu saa, mvua, mbuzi wa jirani, nani kazikwa, nani kauza parachichi kwa bei gani. Kwenye sendofu ya mdogo wangu hapa Mbeya mimi ndo nilishika maiki upande wa familia, ratiba imebana, ukumbi tunalipia kwa saa, shangazi akasimama kutoa neno. Nikasema kwenye maiki, shangazi una dakika mbili, najua kwako hizo hazitoshi hata salamu. Ukumbi mzima ulicheka. Yeye akatabasamu, akasema ni kweli mwanangu, akakaa. Hakusema neno lake. Alikuwa amelishikilia, nililiona, limeandikwa kwenye karatasi ya daftari imekunjwa mara nne.

Mimi hakuna aliyenifuata kwenye gari siku ile. Watu waliniambia nilichangamsha.

Basi ndo hiyo juzi, umeme hakuna, nimesoma tena Fanny anavyovitamani vile vyombo, nikasimama. Maana vikombe vya mama havikuchukuliwa na baba mdogo. Usiku ule wa kikao, watu wamelala, shangazi alivitoa kabatini kimoja kimoja, akavifunga kwa vipande vya kitenge chake, akavizika kwenye debe la mahindi chini ya kitanda chake. Alivitunza miezi saba mpaka mama alipopata chumba huku Mbeya, akamletea kwenye kapu la ndizi. Sita vyote, hakuna hata kimoja kilichochubuka. Miaka yote hiyo nimeijua hii stori na sikuwahi kuiunganisha na mwanamke niliyemcheka kwenye maiki.

Nilifika Tukuyu jioni, ukungu ulitupokea tangu Isyonje, nikamkuta jikoni. Ugonile, akanisalimia kwa Kinyakyusa, na akaanza hapo hapo kuhusu daraja na bodaboda. Nikamsikiliza. Tulipomaliza kula nikamwomba msamaha wa ile sendofu. Akasema ah, nilishasahau hiyo, na nikajua hajasahau kwa sababu alitaja gauni nililovaa na viatu.

Alafu nikamwambia shangazi ngoja nikusomee kitu. Nikafungua simu nikawa nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kusema kwa Kiswahili, John na Fanny, elfu tatu, mia tano, mia moja, hamsini, samaki. Shangazi ambaye hanyamazi alinyamaza sura nzima. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa moshi, anapangusa macho na ncha ya kitenge. Nilipofika kwenye vyombo akanishika mkono.

"Wakavichukua?"

"Hapana shangazi. Wale mabinti na mama yao waliondoka navyo. Vyombo, mashuka, vitabu, mpaka kinanda cha yule binti wa pili. Vilisafirishwa kwa meli. Fanny aliangalia mizigo inatoka akashusha pumzi tu."

Akakaa kimya kidogo, akasogeza kuni.

"Na nani alivifunga?"

Nikarudi nyuma kwenye ukurasa, nikatafuta, nikasoma tena pole pole.

"Hajaandika, shangazi."

"Yupo," akasema. "Vikombe havijifungi."